Taka za Ndani

Mwalimu Theonest alipochimba mashimo matatu nyuma ya shule ya misheni, watu wa Mwashilinde hawakumuuliza anachimba nini. Waliona hakuna haja, kwa kuwa mtu anayechimba akiulizwa hasemi kweli. Walichofanya ni kupita. Njia ile ya nyuma ya shule, ambayo siku zote ilikuwa ya mbuzi na watoro, siku hiyo ilipata watu kuliko mnada wa ng'ombe. Huyu alikuwa anatafuta ndama wake, yule anakata njia kwenda kisimani, na kisima kiko upande wa pili kabisa. Kila mmoja alichungulia, akaona udongo mtupu, akaenda zake akiwa na hakika kwamba amefichwa jambo.

Wala tusiwacheke. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu, na katika nchi ile shimo halikuwa mchezo. Kila mtu alikuwa na ndugu upande wa Geita, na kila ndugu alikuwa na habari ya mgeni mpole aliyechimba kidogo, akasuuza mchanga kwenye karai, akatabasamu, na baada ya tabasamu vikaja vigingi vya mpaka. Almasi za Mwadui nazo zilianza na shimo. Sasa huyu Theonest, mtu wa kutoka Buhaya, kaptula ya kaki na soksi ndefu, anachimba mashimo matatu yaliyonyooka kama makaburi, halafu anasema ni ya mboga!

"Mboga huchimbiwa shimo?" aliuliza Masele. Alikuwa amekaa uani kwa shemeji yake Eufrasia, akinywa togwa ambayo hakuna aliyemkaribisha. "Kinachochimbiwa shimo ni maiti na dhahabu. Na sijasikia kilio."

Eufrasia hakucheka. Yeye alikuwa na sababu ya kutaka mashimo yale yawe ya mboga kweli. Alikuwa mjane. Mumewe Mabula, kaka yake Masele, alikwenda kutafuta kazi machimboni akarudishwa amebebwa, akamwachia majembe mawili, nyumba moja na Paskalia. Watoto wengine watatu walikuwa wamekufa kabla hata ya kuota meno. Paskalia alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la nne, ndiye aliyewasomea barua watu wa nusu ya kijiji, na Masele alikwisha kumpatia mchumba wa upande wa Kahama mwenye ng'ombe kumi na wanne tayari zizini.

Shule ya Mwashilinde iliishia darasa la nne. Padri Herman alikuwa ameomba darasa la tano, na serikali ilikuwa imejibu kwamba haitoi darasa la tano kwa shule isiyo na shamba lenye kuzaa. Mkaguzi angekuja kabla ya Noeli kuangalia. Na shamba la shule lilikuwa mchanga uliochoka. Mchicha wa mwaka uliotangulia ulitoka mfupi na mwekundu, hata kuku waliudharau.

Eufrasia alimwomba Masele, akapiga magoti, akalia, mpaka shemeji yake akachoka kusikia.

"Basi," alisema Masele. "Darasa la tano likija hapa kabla ya mwaka mpya, msichana asome. Lisipokuja, ng'ombe waje. Na usinililie tena."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na hakika halitakuja.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane Padri Herman alifika na pikipiki yake, ndevu zimejaa vumbi, akasoma Misa, na baada ya Misa akaeleza habari ya mashimo. Kila Jumamosi kila nyumba ilete kikapu kimoja, iwe nyumba ya Mkristo, ya Mwislamu au ya mtu wa matambiko. Kikapu kiwe na samadi ya zizini, majivu ya jikoni, taka zilizofagiwa ndani, majani na maganda. Mwalimu atavipanga tabaka juu ya tabaka, atavimwagia maji, na shimo litapata moto lenyewe bila kiberiti. Baada ya miezi miwili taka zote zitakuwa udongo mweusi, na shamba la shule litaota kama bustani ya Edeni.

Kanisa likanyamaza kimya. Padri alidhani wanatafakari. Alikuwa amekaa Usukumani miaka kumi na mmoja, anabatiza na kuzika kwa Kisukuma safi, lakini hata siku moja alikuwa hajawahi kufagia nyumba.

Wanaume walisikia neno samadi wakatazamana. Serikali ilikuwa imeamuru ng'ombe wapunguzwe, bwana mifugo alikuwa anazunguka akihesabu, na kila mwenye akili alikuwa amegawa ng'ombe wake kwa marafiki wa mbali ili zizi lionekane jepesi. Sasa wanaombwa samadi kila Jumamosi! Kikapu kizito ni zizi zito. Hata mtoto angeona mtego ule.

Wanawake walisikia majivu na taka za ndani, wakavuta watoto wao karibu. Ndani ya nyumba mtu huangusha kucha, huangusha nywele, hutema mate, na majivu ya jiko ndiyo yaliyopika chakula cha watu wa nyumba ile peke yao. Mwenye bulogi, yaani uchawi, hahitaji zaidi ya hapo. Mpe uzito wa kiganja tu wa taka za ndani mwako, umempa watoto wako. Eufrasia alilijua jambo hilo kuliko wote. Mtoto wake wa tatu alipokufa, mama mkwe alimwambia waziwazi, "Kuna mtu anaokota taka zako." Tangu Paskalia azaliwe hakuna chembe iliyotoka nje. Eufrasia alifagia kuelekea ndani, akachoma, akachimbia majivu nyuma ya nyumba ndani ya ua wa minyaa. Nywele na kucha za binti yake alizitia katika kopo la bati, na kopo lilikaa juu ya dari pale alipoweza kuliona akiwa kitandani. Na mtoto alikuwa hai. Miaka kumi na mitatu, yu hai! Nani angemwambia kwamba si kwa sababu hiyo?

Alirudi nyumbani na mawazo yamemkaba. Asipopeleka taka, shamba litakufa na Paskalia ataondoka na mtu wa Kahama. Akipeleka, Paskalia anaweza kuondoka kwa njia ile ya kaka zake. Alishika tama mpaka uji ukaungua.

Jumamosi ilipofika alikuwa amepata ufumbuzi, na kwa kweli alijiona mwerevu sana. Alishuka mtoni, ambako mwezi wa nane hakuna maji ila mchanga mweupe, ule ambao Wasukuma huuita luseni, akajaza kikapu. Juu yake akanyunyizia majivu ya nyasi zilizoungua porini, majivu yasiyo na mwenyewe. Juu ya majivu akatandika majani. Hakuna jicho lingeweza kukikosoa kikapu kile.

Kwenye shimo la kwanza kulikuwa na msongamano wa kimya. Kila mtu alimwaga chake mwenyewe, upesi, na kumtupia jicho jirani. Mwalimu Theonest alikuwa anarukaruka ukingoni kwa furaha, akitandaza nyasi, akimwagia maji, akisema asanteni, asanteni. Mtu aliyekulia kwenye migomba ya Buhaya, ukimwonyesha mchanga uliolowa na majivu yaliyolowa, hajui kipi ni kipi.

Mwisho akaja Mwamvua.

Huyu alikuwa mke wa Sefu, fundi cherehani, watu wa Tabora waliohamia Mwashilinde miaka miwili nyuma na kupanga nyumba karibu na duka. Hakuwa na mtoto. Aliwapenda watoto wa wengine, akawapa kashata, akawaita kwa majina, na wanawake waliliona jambo hilo wakaliweka moyoni. Alifika anacheka, kikapu hakina hata jani la kukifunika. Kilikuwa na majivu yenye joto bado, majani ya chai, vichwa vya samaki, na taka za chini ya cherehani: vipande vya kitambaa na nyuzi za kila rangi, nyekundu zikiwa nyingi, maana Sefu alikuwa anashona sare za wanakwaya.

"Mwalimu, mimi si wa kanisa lenu," alisema, "lakini mchicha ninakula."

Akamwaga vyote, akakung'uta kikapu, akaenda zake.

Eufrasia alisimama pale na kikapu chake kitupu. Mwanamke gani anamwaga majivu ya jiko lake mbele ya watu bila hata kupepesa macho? Kila mwanamke anaogopa. Asiyeogopa ni nani basi, kama si yule anayeogopwa na wengine? Wazo hilo likaingia likakaa, na kila alipolichunguza alilikuta limenenepa.

Wiki tatu zilipita. Mwalimu alikuwa amechomeka fimbo ndefu katikati ya shimo, na kila asubuhi aliivuta na kuishika. Ilitakiwa itoke ina joto, hata kuunguza kidogo. Ilitoka baridi. Akaongeza maji, ikatoka baridi. Akapunguza maji, baridi vilevile. Alikonda. Darasani aliwasahihisha watoto makosa ambayo hawakuyafanya. Paskalia alimhadithia mama yake kila jioni.

"Mayu, leo nayo imetoka baridi. Ila pale pembeni, upande wa mnyaa, kuna joto kidogo. Mwalimu haelewi."

Eufrasia naye hakuelewa. Alijua kikapu chake kilikuwa cha uongo, lakini kikapu kimoja kati ya vikapu arobaini kinaweza kuzima shimo zima? Wengine wote wameleta cha kweli. Basi kuna mtu anayelizima. Ukishajua kwamba kuna mtu, kumpata si kazi.

Asubuhi ya Jumamosi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, Eufrasia alipita nyuma ya shule akienda kutafuta kuni. Akamwona Mwamvua ndani ya shimo, ameinama, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anachambua. Alichota kitu, akakitia ndani ya kanga, akafunga, akatoka akiangalia huku na huku kama mwizi, akapotelea kwenye vichaka nyuma ya vyoo vya shule. Eufrasia alisahau kuni. Alikaa chini njiani, akajipa moyo kwa jambo moja tu: hata akichambua mpaka kiyama, mle hamna kitu cha nyumbani kwangu.

Alipofika nyumbani alimkuta Paskalia amelala, anatetemeka, ngozi inawaka moto.

"Umekula nini? Umekwenda wapi?"

Mtoto alianza kulia. "Mayu, usinipige. Nilikuona ulipojaza mchanga. Niliona aibu. Fimbo ilikuwa inatoka baridi na mwalimu anahuzunika, nikasema ni sisi. Kila Jumamosi nimekuwa nikipeleka majivu yetu. Na taka za chini ya kitanda. Na Jumamosi iliyopita ziliponyolewa nywele zangu, nilichukua kidogo."

"Ulimwaga wapi?"

"Pembeni. Upande wa mnyaa, alipomwaga mke wa fundi."

Sitaeleza jinsi Eufrasia alivyoupitisha usiku ule. Inatosha kusema kwamba kulipokucha alikuwa amekwisha kuwa mtu mwingine. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa, Padri yupo. Eufrasia alimwacha mtoto na jirani nyumbani, akaingia kanisani, hakupiga ishara ya msalaba, hakuimba. Watu walipotoka nje na kusimama uwanjani wakisalimiana, na Mwamvua akipita njiani na debe lake la maji, alimwendea moja kwa moja.

"Nywele za mwanangu umezipeleka wapi?"

Mwamvua alisimama. "Nywele gani, mwenzangu?"

"Nilikuona jana! Nilikuona kwa macho yangu, umo shimoni, unachambua taka za watu, unafunga kwenye kanga! Mwanangu amelala hajitambui. Nimezika watatu. Huyu hutanizikisha!"

Debe lilianguka. Na jinsi uwanja ulivyobadilika! Watu waliokuwa wanaulizana habari za kulima sasa walikuwa wamefunga duara. Kila aliyewahi kuumwa kichwa miaka miwili ile alikumbuka siku na saa. Wanaume waliokota fimbo. Sefu alikuja mbio kutoka barazani, mkononi ana futi yake ya mbao ya kupimia nguo, akasimama mbele ya mkewe akaiinua, mtu mwembamba na kijiti chake mbele ya kijiji. Padri alipaza sauti kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma, na kwa lugha zote mbili hakuna aliyemsikia.

"Lifukuliwe!" alipiga kelele Masele. "Shimo lifukuliwe, dawa yake ionekane!"

Wakaenda wote. Majembe yalipatikana upesi kuliko siku yoyote ya kulima. Mwamvua walimsimamisha ukingoni, wanawake wawili wamemshika mikono, na Eufrasia akasimama upande wa pili akimkazia macho. Alikuwa na hakika. Lazima isemwe ilivyokuwa: alikuwa na hakika, na alitaka mwanamke yule apigwe.

Masele alitupa nje tabaka la nyasi. Chini yake palitokea udongo mwekundu wa kichuguu, mwingi, umeshikana. Masele akaacha kupiga kelele. Mkulima wa Mwashilinde anajua udongo wa kijiji chake kama anavyojua ng'ombe wake, na udongo mwekundu namna ile ulikuwa mahali pamoja tu, nyuma ya zizi la Masele. Mtu mmoja alikohoa. Masele alikazana kuutupa nje haraka.

Chini ya mwekundu palitokea mweusi, wa mbugani, ule wa kupasuka, na watu wa kando ya mbuga wakaanza kuangalia miguu yao. Kisha kokoto za kilimani kwa katekista, zimefunikwa majani ya mhogo. Kisha udongo wa kijivu wa kisimani. Tabaka kwa tabaka shimo liliwataja, nyumba kwa nyumba, na kila lilipomtaja mtu, mtu huyo alinyamaza. Mwisho ukatokea mchanga mweupe, vikapu na vikapu vya luseni safi kutoka mtoni. Hakuna aliyemtazama Eufrasia, na hilo ndilo lililomfanya ajue kwamba wote wamejua.

Mwalimu Theonest alishuka shimoni. Aliokota kokoto moja, akaigeuza, akaiweka chini. Kisha akaenda pembeni, upande wa mnyaa, akafukua kwa mikono. Moshi mwepesi ulitoka, na watu wakarudi nyuma wakikanyagana. Haukuwa moshi, ulikuwa mvuke. Mwalimu aliinua mkono uliojaa udongo mweusi, laini, wenye joto, na ndani yake majani ya chai, miiba ya samaki, nyuzi nyekundu, na nywele fupi za mtoto.

"Hapa," alisema. "Hapa tu."

"Na ulichofunga kwenye kanga?" Eufrasia aliuliza.

Wale wanawake walikuwa wamekwisha kumwachia Mwamvua mikono. Alitembea polepole mpaka nyuma ya vyoo, nao wakamfuata. Kwenye kichaka kulikuwa na rundo la mchanga na kokoto, limefika magotini.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," alisema. "Nilitia mkono nikakuta mchanga. Nikasema, huyu mwalimu ni mgeni kama mimi, akijua atakufa moyo aondoke. Basi kila asubuhi nimekuwa nikitoa mchanga kidogo, na udongo wenye joto nausogeza penye baridi, kama mtu anavyotia hamira. Nilidhani wiki mbili tatu nitakuwa nimemaliza." Akajifuta uso na ncha ya kanga. "Nilikuwa nawafichia aibu yenu, jamani. Nywele za mtoto sikuziona."

Hakuna aliyemwomba radhi. Watu walitawanyika mmoja mmoja, kwa njia ile ile ya mbuzi. Padri Herman alikwenda na Eufrasia nyumbani, akampa Paskalia vidonge vya kwinini, akasema ni malaria, homa itashuka kesho. Hakumgombeza. Alipokuwa anapanda pikipiki aliuliza tu, "Mama Paskalia, kwa nini hamkuniambia?" Naye akajibu, "Padri, ungecheka." Padri alifikiri kidogo, akakubali kwamba angecheka.

Kesho yake homa ilishuka. Paskalia aliomba uji. Eufrasia alimpa, akamtazama mpaka akamaliza, kisha akachukua ufagio. Alifagia kuelekea nje. Alifagia chini ya kitanda, nyuma ya mitungi, kona zote. Alikomba jiko. Alipanda juu ya kigoda, akashusha kopo la bati kutoka darini, akalifungua, akamimina kwenye kikapu kucha na nywele za miaka kumi na mitatu. Kikapu hakukifunika. Alikibeba kichwani mchana kweupe, akapita katikati ya kijiji, na watu walioona kilichomo waliingia ndani.

Kwa fundi walikuwa wanafunga mizigo. Cherehani ilikuwa imeviringishwa blanketi na kamba juu yake. Lori la pamba lingepita kwenda Isaka alasiri, na Isaka kuna treni ya Tabora.

Eufrasia alipiga magoti barazani, akaweka kikapu miguuni pa Mwamvua.

"Hizi ni za ndani," alisema. "Nywele zake zote zimo. Kucha zimo. Sikuzipeleka shimoni. Nimekuletea wewe mkononi."

Sefu aliacha kufunga. Mwamvua alichuchumaa, akaingiza mikono yote miwili humo ndani. Eufrasia aliuma meno asipige kelele.

"Bado unaogopa," Mwamvua alisema.

"Naogopa."

"Na umeleta."

"Nimeleta."

Mwamvua alinyanyuka, akafagia baraza yake kwa mara ya mwisho, nyuzi na vipande na mavumbi, akavitia juu ya taka za Eufrasia. Walikwenda pamoja mpaka shimoni, huyu ameshika mkono huu wa kikapu, yule mkono ule, wakamwaga. Eufrasia alitaka kumwambia asiondoke. Utamwambiaje mtu akae mahali ulipomwita mchawi mbele ya kanisa? Jina lile halifutiki. Mtoto wa kwanza kuumwa tumbo angelirudisha. Mwamvua alilijua hilo, na lori lilipopiga honi alipanda, akakaa juu ya marobota ya pamba kando ya cherehani, hakupunga mkono.

Jumamosi iliyofuata vikapu vilikuja vizito, havina majani juu. Masele alileta samadi mara tatu, akaimwaga bila kumtazama mtu. Wiki ya tatu mwalimu alivuta fimbo akaiachia kwa kuungua, akacheka peke yake kama kichaa. Mvua zilipoanza, walitandaza udongo mweusi kwenye matuta kumi na mawili, na mchicha ukatoka mpana kama masikio ya ndama.

Mkaguzi alikuja wiki mbili kabla ya Noeli, mtu mnene, mwenye kofia na haraka. Kijiji kizima kilisimama kando. Masele alikuwa mbele, amevaa koti. Mkaguzi alipita tuta kwa tuta, akainama, akachota udongo, akaunusa, akauvunjavunja vidoleni. Akavuta kitu. Ulikuwa uzi mwekundu, mrefu kama kidole.

"Na huu? Umetoka wapi?"

Mwalimu alimtazama Padri. Padri alimtazama Masele. Masele alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Umetoka kwa jirani yetu," alisema Eufrasia. Paskalia alikuwa amesimama kando yake na alimshika mkono, lakini Eufrasia hakunyamaza. "Ndiye peke yake aliyeleta taka za ndani kwake, sisi tukiwa tunaleta mchanga. Tukamwita mchawi, akahama. Mimi ndiye niliyemwita."

Mkaguzi alimtazama mwanamke yule, akautazama uzi, akaona ni maneno ya kijijini yasiyomhusu. Aliutupa uzi pembeni, akatoa kalamu, akaandika kwamba udongo ni mzuri na darasa la tano lifunguliwe mwezi wa kwanza.

Watu walipiga vigelegele. Eufrasia aliinama, akautafuta ule uzi kwenye majani mpaka akaupata, akaurudisha chini ya mchicha.